Picha Niliyoigeuza

Jumatatu, 3 Machi

Magoti. Magoti tena! Nimesimama tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa, wagonjwa arobaini na wawili, na mashine moja yenye tabia ya kuzimika ikiona foleni ndefu. Halafu mkuu wa hospitali anapita mlangoni na kusema, hongera mama, kazi nzuri. Hongera hiyo nitaipaka kwenye magoti.

Watu hawaijui miili yao! Miaka ishirini na sita napiga picha za eksirei na bado nashangaa. Mtu mzima, kazaa, kalea, kajenga nyumba, ukimwuliza ini liko wapi anashika kiuno. Moyo — anashika tumbo. Leo mmoja kaniambia figo zinamuuma huku anajikuna kisogo. Ndiyo maana nilibandika ule mchoro mkubwa ukutani pale wanapongojea. Mwili wa binadamu, umefunguliwa kama kabati, kila kitu mahali pake na jina lake. Na kila Jumanne nawasomesha dakika kumi kabla ya kuanza kazi. Hakuna aliyeniomba. Hakuna anayeshukuru pia.

Saa nane kaja wifi, mke wa mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Redio, kwa siri, maana hazimi: leo mgongo, kesho kichwa, keshokutwa "moyo unanidunda huku", na mkono kauweka kifuani upande wa kulia! Siku alipoyasema hayo mbele ya ukoo mzima tulicheka mpaka mama akapaliwa na chai. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nikamwambia, wifi, huko hakuna moyo, huko kuna pafu tu na visingizio vyako.

Leo ni tumbo. Chini, upande wa kushoto. Anasema siku ya pili halali. Nimembonyeza kidogo karuka kama kaguswa na moto. Nikamwambia ni gesi, anywe maji mengi, atembee. Kasema, sawa wifi, wewe ndiye unayejua. Katoka ameinama, mkono tumboni, anatembea kwa hatua za bibi kizee. Nikajisemea huyu angefaa sana kwenye maigizo.

Jumanne, 4 Machi

Somo la leo: tumbo. Kwa sababu ya Redio, nadhani.

Nikawaambia tumbo ligaweni mafungu manne, kama mnavyokata mkate. Kulia juu, ini na nyongo. Kushoto juu, mfuko wa chakula na bandama. Kulia chini, kidole tumbo, kile kijipande cha utumbo kinachovimba kikataka kuua mtu. Kushoto chini, mwisho wa utumbo mpana. Maumivu yana anwani, nikawaambia. Ukiijua anwani umeshajua nusu ya ugonjwa. Kuna fundi viatu mmoja, anakuja kwa ajili ya kifua, kanyoosha mkono: na watu wote tumepangwa hivyo hivyo? Wote, nikamjibu. Aliyetuumba si kama nyinyi mafundi, hafanyi kazi ya haraka haraka Ijumaa jioni. Wakacheka sana. Nilifurahi, sitasema uongo.

Kisha yale ya kila wiki: maji, mboga, usingizi, kutembea, chumvi kidogo, sukari kidogo. Nimemaliza, nimeingia ndani, nimekunywa chai yenye vijiko vinne. Sukari yangu iko juu, presha iko juu. Mganga kajisahau, wacha wee.

Wifi kaenda kwa Daktari Miwani. Tunamwita hivyo kwa sababu anayo kwenye paji la uso na bado anaitafuta mezani. Hana ubaya, ila kachoka. Kasema maumivu yako kushoto, kwa hiyo kidole tumbo tukiweke pembeni. Kwenye ultrasaundi wakaangalia kizazi tu, maana foleni ilikuwa imefika nje. Wakaona kitu kama uvimbe karibu na kifuko cha mayai cha kushoto. Vidonge, arudi nyumbani, aje baada ya wiki.

Mdogo wangu kanipigia simu. Dada, wamesema ni mambo ya kike. Sauti ya aibu, kama aliyekamatwa anachungulia dirishani. Mama alikuwa karibu yangu, kasikia, kadakia: mambo ya kike tunayo wote, mbona wengine hatutangazi? Nikacheka tena.

Alhamisi, 6 Machi

Redio imelazwa. Homa kali, anatapika hata maji. Juu ya hayo anakohoa, kwa hiyo Daktari Miwani kataka picha ya kifua.

Siku mbaya kuliko zote! Msaidizi wangu kaomba ruhusa, mashine imezima mara mbili, na mfagizi kamwaga ndoo nzima mlangoni. Wakaniletea wifi kwenye kiti cha magurudumu. Nimefanya kila kitu mwenyewe. Nikamsimamisha, kidevu juu, mabega mbele, nikabandika ile alama ya madini ya risasi inayoonyesha upande wa kulia wa mgonjwa. Vuta pumzi, shikilia. Hakuweza kushikilia. Inauma wifi, anasema. Nikamkaripia — jikaze kidogo, si wewe peke yako mgonjwa humu ndani! Mara ya tatu ndiyo ikakubali.

Ikatoka kinyume. Moyo upande wa kulia, hata ile hewa ya kwenye mfuko wa chakula iko kulia. Hutokea, alama ikibandikwa upande usio wake. Si kazi kubwa: unabonyeza kitufe kimoja picha inageuka, unaandika alama upya, unaituma wodini. Wanafunzi wamenifanyia hivyo mara mia. Nikageuza, nikatuma. Wodi wamejibu kifua ni safi.

Sasa niko nyumbani, miguu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mdogo wangu kanishukuru mara tatu kwenye simu. Kila mtu wa familia akiugua ni mimi wa kukimbizwa huku na huku, na mimi nikiugua wanasema pole kupitia mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Alama niliibandika mwenyewe.

Nilikuwa napiga mswaki. Povu tele mdomoni, na wazo hilo likaingia, nikasimama pale pale nimeshika mswaki. Jana hakukuwa na mwanafunzi. Hakukuwa na msaidizi. Ni mimi, kwa mkono wangu, nimeibandika kando ya bega lake lenye kovu la pasi. Na kovu lile liko bega la kulia, nalijua tangu siku ya harusi yao, nililipaka poda mwenyewe lisionekane. Alama ilikuwa sawa. Picha haikuwa kinyume!

Nimefika kazini kabla ya mfagizi. Nikawasha kompyuta, nikaifungua ya jana kama ilivyotoka. Halafu mikono ikaanza kutafuta yenyewe. Miaka mitatu iliyopita, wifi alipoomba kazi ya kupika shuleni, walitaka picha ya kifua. Ipo. Mashine inatunza zote mbili, ilivyotoka na ilivyotumwa, pamoja na jina la aliyegeuza na saa aliyogeuza. Ilivyotoka: moyo kulia. Ilivyotumwa: moyo kushoto. Jina ni langu.

Picha ile ya zamani ilipigwa na mwanafunzi. Msichana mwembamba, ana sauti ndogo, anaandika kila kitu kwenye kijitabu. Nikamwambia umebandika kinyume. Hapana mwalimu, nimehakikisha mara mbili. Nikawaita wenzake wote waje waone. Nikasema, kwa hiyo huyu mama moyo wake umehama nyumba? Wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema — nalikumbuka neno kwa neno, Mungu wangu! — labda tumsikilize kifua kwanza, mwalimu. Tumsikilize! Mwanafunzi wa miezi minne ananifundisha mimi kazi! Mwisho wa mafunzo nikamwandikia kwenye fomu yake: hawezi kutofautisha kulia na kushoto. Akafelishwa.

Nikaazima kwa nesi chombo cha kusikilizia nikaenda wodini. Wifi amelala chali, midomo imekauka, macho yamezama. Nikaweka kushoto. Kwa mbali sana, kama jirani anayetwanga kitu nyumba ya tatu. Nikaweka kulia. Dundu, dundu, dundu, sikioni kabisa. Wifi kasema polepole, huko ndiko nilikokuwa nakwambia. Hata hakukasirika. Kasema tu hivyo, kafumba macho.

Basi kila kitu ndani yake kiko upande wa pili. Nimewahi kusoma chuoni kwamba wapo watu wa namna hiyo, mstari mmoja katika kitabu, tukaupita. Ini lake liko kushoto. Bandama iko kulia. Na kidole tumbo kiko chini kushoto, pale pale anapopashika tangu Jumatatu.

Daktari Miwani alikuwa chumba cha pili. Nilimsikia anamuuliza nesi miwani yake iko wapi. Hatua kumi na mbili, nimezihesabu baadaye. Sikwenda! Nilijiambia ngoja nihakikishe kwanza. Nihakikishe nini zaidi, nimesikia kwa masikio yangu? Nikarudi chumbani kwangu nikapiga picha za watu thelathini na wanane. Watano nimewarudia picha mara mbili. Waliouliza niliwaambia ni sukari.

Nina miezi minane nistaafu. Miaka ishirini na sita bila doa. Wataifungua ile ya zamani, wataona jina, wataona saa. Mdogo wangu ataona.

Kesho asubuhi nitasema. Kwanza kabisa, kabla ya chai.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi simu. Mdogo wangu anacheka. Dada, maumivu yamekwisha! Yameondoka ghafla, ameomba uji! Mama kapiga vigelegele kule ndani. Si nilisema, anasema, si nilisema huyu hana kitu?

Mimi nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Najua maana yake. Kidole tumbo kikivimba kinauma, kinazidi kuuma, halafu kinapasuka. Kikipasuka maumivu yanashuka, mtu anaona kapona. Saa chache tu. Wakati huo usaha unatambaa tumbo zima. Nimeshawaambia hayo wagonjwa wangu kwenye somo, nimewaambia hata kwa mzaha.

Sijui nilifikaje hospitali. Nilivaa viatu viwili tofauti, nimeviona jioni hii tu. Daktari Miwani kanipokea anatabasamu: wifi yako ana nafuu, Jumatatu tunamruhusu. Nikamwambia mpasue. Akasema, nini? Nikamwambia viungo vyake vimepangwa upande wa pili vyote, kidole tumbo kiko kushoto na kimepasuka, mpasue sasa hivi! Kanitazama kama anayetazama mtu aliyekosa usingizi. Kasema taratibu, kwa heshima: mama, picha ya Alhamisi niliiona kwa macho yangu, moyo uko kushoto.

Hapo. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno matatu tu, niliigeuza kwa kukosea. Mdomo nikaufungua, nikausikia unasema: mashine ndiyo iliyogeuza, ina hitilafu siku hizi.

Mashine! Kitu kisicho na mdomo wa kujitetea.

Akaenda akamsikiliza kifua. Kulia. Kushoto. Kulia tena. Akambonyeza tumbo, likawa gumu kama ubao. Akamgeukia nesi, akaanza kutoa amri, dripu, damu, waandaeni watu wa upasuaji. Sijawahi kumwona anakimbia yule mtu. Saa sita wakamwingiza, saa nane na nusu wakamtoa. Kilikuwa kimepasuka. Wamemsafisha, wamemwachia mpira wa kutolea usaha. Yuko hai.

Ningesema jana wangekikuta hakijapasuka. Hilo nimeliandika ili lisije likajificha.

Jumapili, 9 Machi

Mimi ni shujaa. Daktari Miwani kawaambia wodi nzima: bila huyu mama leo tungekuwa tunazika. Manesi wamenipigia makofi. Mdogo wangu, jitu lote lile, fundi seremala mwenye mikono kama makasia, kanishika viganja vyangu vyote viwili na kulia mbele za watu. Mama anasema alijua tangu nilipokuwa mdogo kwamba nitakuja kuokoa mtu.

Wifi ana mpira puani na mwingine tumboni. Kanivuta mkono niiname. Kasema, najua mnaniita Redio. Miaka yote hiyo mnacheka. Lakini wewe umekuja ukaweka sikio ukanisikiliza, wifi. Wewe peke yako.

Nikamwambia apumzike asiongee.

Jumatatu, 10 Machi

Wamebandika barua ya pongezi kwenye ubao wa matangazo. Jina langu kwa herufi kubwa na mhuri. Mfagizi kaniambia mama leo utatununulia soda!

Daktari Miwani kafurahi kama kapata mtoto. Mtu wa namna hii, anasema, daktari anaweza kufanya kazi miaka thelathini asikutane naye hata mmoja. Anataka kuwaonyesha madaktari wenzake kwenye kikao. Akauliza: hana picha za zamani? Hajawahi kupigwa kifua kabla? Nikasema sikumbuki. Na mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale, mwenye kumbukumbu ya ajabu pale usipoihitaji: dada, si wewe uliyempiga ile ya kazi ya shule? Anasema kwa majivuno. Nikasema ah, kweli, lakini za mwaka ule zilipotea zote, kompyuta ya zamani iliungua.

Huo ni uongo wa tatu kwa siku tatu. Na ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Hazijapotea. Nimekaa nazo mchana kutwa. Kitufe cha kufuta kiko karibu na cha kugeuza, upana wa vidole viwili tu. Nilikaa mpaka wakafunga milango ya mapokezi. Sikufuta. Nisijipambe lakini — sikufuta kwa sababu mashine ingeandika na hilo pia, jina na saa.

Jumanne, 11 Machi

Sikuweza kusomesha tumbo. Nimesomesha meno. Pigeni mswaki mara mbili, punguzeni sukari, basi. Fundi viatu kauliza, mbona leo fupi? Nikamwambia magoti. Halafu kaongeza kwa sauti ya kila mtu kusikia, tumesikia yaliyotokea, kwa hiyo hatukupangwa wote sawa! Anacheka, ananitania tu, hana nia mbaya. Wote wakanigeukia wanangoja nicheke. Nilijifanya nafunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba.

Mchana nimepiga simu chuoni kuuliza habari za yule msichana. Karani kasema aliacha. Alirudia mwaka, wakamwuliza kuhusu ile fomu, akaacha. Sasa anauza vifuniko vya simu dukani kwa shangazi yake. Kanipa namba bila hata kuuliza mimi nani. Nikapiga. Ikaitika sauti ile ile ndogo: karibu, nikusaidie nini? Nikakata.

Nikapiga tena. Karibu, nikusaidie nini? Nikakata tena.

Jumatano, 12 Machi

Homa imerudi. Thelathini na tisa na nusu. Amekuwa wa njano machoni, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Kuna usaha umejikusanya tena, juu, chini ya ini — ini lililoko kushoto. Kesho asubuhi wanampasua mara ya pili.

Daktari Miwani kanikuta koridoni. Hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Kasema tu, anaongea kama peke yake: siku tano, mama. Kama tungejua Jumatatu ile, ilikuwa chale ndogo na siku tatu za kulala. Sasa sikufichi, nusu kwa nusu. Kisha kasema ameshaita fundi wa mashine, anakuja Ijumaa. Hatuwezi kukaa na mashine inayogeuza watu yenyewe. Nikasema vizuri. Nilisema vizuri! Ijumaa ni keshokutwa. Fundi atakaa kwenye kile kiti, atafungua kumbukumbu, itamchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Wifi kaniita jioni, saa kumi na mbili hivi, wakati wa kuwaona wagonjwa. Kamwambia mdogo wangu atoke kidogo. Nilijua anajua. Niliomba mtu yeyote aingie. Kumbe hajui. Kasema: wifi, kama sitatoka kesho, wanangu. Labda na wao wamepangwa kama mimi. Wakiumwa watu watawaambia wanaigiza. Wapime. Wapige picha wewe mwenyewe, kwa mkono wako, wengine siwaamini.

Nikasema nitawapiga. Kasema, niahidi. Nikaahidi. Kanibusu kiganja. Midomo ilikuwa ya moto.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anakunja nguo za watoto wa wifi, wanalala kwetu sasa. Nikawatazama wale watoto wawili wanavyokula, wanagombana kijiko. Nikataka kuwawekea sikio kifuani. Sikuthubutu.

Nimechukia watu wengi maishani. Wagonjwa wasiojua ini lao, wakubwa wasiojua kazi yangu, wifi na maumivu yake. Nilikuwa na chuki ya kutosha ukoo mzima. Sasa yote imerudi kwa mwenyewe na hata haijatosha.

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne na robo. Koridoni, benchi la mbele ya chumba cha upasuaji. Wamemwingiza saa tatu. Nimekuja na daftari kwa sababu mikono haitulii.

Nimeamua nitasema akitoka. Hapana. Nilishasema hivyo Ijumaa. Kila nikisema kesho yule mwanamke anapasuliwa.

Saa tano kasorobo. Nesi katoka mbio, kachukua chupa mbili za damu, karudi ndani. Hakututazama. Mdogo wangu kasimama, kakaa, kasimama. Vumbi la mbao bado limemganda kwenye nyusi, alikuja moja kwa moja kutoka karakana. Anaongea ili asinyamaze. Anasema mambo haya yakiisha atanichongea benchi kwa ajili ya wagonjwa wangu, la mbao ngumu, lenye mgongo, na mgongoni ataandika jina langu. Ili watu wajue nani alikuwa hapa. Nikamwambia usiandike jina. Kwa nini dada? Nikasema basi tu. Kacheka kidogo, kasema wewe hujui hata kusifiwa.

Saa tano na dakika kumi. Kaniuliza naandika nini muda wote huo. Nikasema ripoti. Ripoti ya nini? Ya mke wako. Kasogea karibu. Kasema, nisomee. Nataka kusikia ulivyogundua, kila mtu ananisimulia ila wewe.

Nikasema mwandiko mbaya, hutaelewa.

Kasema, mwandiko wako? Dada, si wewe uliyenishika mkono ukanifundisha kuandika jina langu? Lete nisome mwenyewe.

Amenyoosha mkono. Naendelea kuandika ili nisiinue uso. Kiganja kiko wazi hapa mbele yangu, kina malengelenge ya randa, hakitikisiki. Anangoja. Anajua nitampa, sijawahi kumnyima kitu tangu azaliwe. Ndani kule mtu kaita jina la wifi kwa sauti, mara mbili. Mdogo wangu kageuza kichwa mlangoni, lakini mkono hajauondoa.

Daftari bado sijalifunga